Injini moja, namba tatu: vichwa vya treni vya zamani vilikwenda wapi, na kwa nini sisi wa Ngara tujali

Kutoka Ntobeye hadi stesheni ya treni iliyo karibu ni safari ndefu ya basi. Hata hivyo habari za reli zinatufikia kila wiki. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, ile tunayoiita SGR, inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Upande wa jirani zetu wa Burundi kuna mradi wa reli ya Uvinza hadi Musongati. Na tangu mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zina makubaliano ya kujenga reli ya Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo, yaani kupitia wilaya yetu ya Ngara.

Kila tunapozungumzia reli mpya hewani, wasikilizaji wenye umri mkubwa wanauliza swali moja: zile injini za mvuke za zamani, zilizokuwa zikipiga honi na kutoa moshi, zilikwenda wapi? Ziliuzwa? Nani alizihesabu?

Ni swali zuri kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndani yake kuna swali jingine: mali ya umma inapohama kutoka shirika moja kwenda jingine, tunajuaje kwamba kilichotoka huku ndicho kilichofika kule? Leo tunaeleza jambo hilo kwa kufuata namba za injini.

Namba ya ubavuni na namba ya kiwandani

Tuanze na kitu tunachokijua sote: bodaboda. Pikipiki ina namba mbele na nyuma, ile ya usajili. Hiyo unaweza kuifungua kwa bisibisi. Lakini ina namba nyingine iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, namba ya chesesi. Polisi anapotafuta pikipiki iliyoibwa, hatosheki na namba ya usajili. Anainama kuangalia chesesi.

Injini ya mvuke ni hivyo hivyo. Ubavuni ilikuwa na namba iliyopewa na shirika la reli, na hiyo ilibadilika kila shirika lilipobadilika. Lakini pia ilikuwa na bati dogo la kiwanda, lenye jina la mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa na namba yake ya kiwandani. Namba hiyo haikubadilika tangu injini ilipotoka kiwandani hadi ilipokatwakatwa.

Kwa maneno mengine, namba ya ubavuni inakuambia mwenye mali wa wakati huo. Bati la kiwanda linakuambia ni injini ipi.

Reli mbili, vitabu viwili

Reli ya kwanza Tanzania Bara ilianzishwa na Wajerumani Tanga mwaka 1893. Ilikwenda polepole na kufika Moshi miaka ya 1911 na 1912. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upande wa pili wa mpaka, Waingereza walianza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901.

Reli zote hizo zilikuwa na upana mmoja, mita moja kutoka chuma hadi chuma. Upana huo ulitumika pia India. Ndiyo maana, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, na Wajerumani wakaharibu madaraja na injini walipokuwa wakirudi nyuma, Waingereza waliweza kuleta injini kutoka India na kuziweka moja kwa moja kwenye reli yetu.

Hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza ulipoanza. Katika karakana za Tanganyika kulikuwa na injini za Kijerumani zilizonusurika, injini zilizokuja na vita kutoka India, na baadaye injini mpya zilizoagizwa Uingereza. Shirika la Reli la Tanganyika lilizipanga kwa herufi. Kulikuwa na aina iliyoitwa MK, nyingine ML, nyingine DL. Reli ya Kenya na Uganda nayo ilikuwa na herufi zake: EA, EB3, EC3 na kadhalika. Kila upande ulikuwa na kitabu chake na namba zake.

Mwaka 1948: kila injini yapewa namba mpya

Tarehe 1 Mei 1948 reli ya Tanganyika na ile ya Kenya na Uganda ziliunganishwa kuwa shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Tatizo likawa wazi siku ile ile. Shirika moja haliwezi kuwa na injini mbili zenye namba moja.

Ukatungwa utaratibu mpya wa namba yenye tarakimu nne. Tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha kundi la injini. Mbili za mwisho zinaonyesha ni ya ngapi katika kundi hilo. Kwa hiyo 5901 ni injini ya kwanza ya kundi la 59, na 5934 ni ya thelathini na nne.

Aina za zamani zikaingizwa humo. ML ya Tanganyika ikawa kundi la 26. EA ya Kenya na Uganda ikawa kundi la 28. EC3 ikawa kundi la 57.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. EC3 zilikuwa injini 12 kubwa zilizotengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kati ya mwaka 1939 na 1941. Zilikuwa za aina ya Garratt. Garratt ni injini yenye tangi la kuchemshia maji katikati, na seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja ikijizungusha peke yake. Kwa sababu hiyo injini ndefu sana iliweza kupita kwenye kona kali za milimani bila kuacha reli.

Injini hizo zilikuwa na namba 77 hadi 88. Baada ya mwaka 1948, namba 77 ikawa 5701, namba 78 ikawa 5702, na kuendelea hivyo. Ukihesabu taratibu utaona kwamba namba 87, iliyokuwa na jina la Karamoja, ikawa 5711.

Sasa mpe vitabu viwili mtu asiyejua habari hii, cha kabla na cha baada ya mabadiliko. Katika cha kwanza atakuta injini namba 87, kisha haionekani tena. Katika cha pili atakuta 5711 ambayo haikuwapo zamani. Anaweza kusema injini moja imepotea. Anaweza pia kusema shirika lina injini mbili. Majibu yote mawili si kweli. Ni injini moja, na kinachoziunganisha namba hizo ni orodha ya kubadilishia, ile inayosema hii ya zamani ndiyo hii mpya.

Orodha ile ikipotea, ukweli unapotea nayo.

Majina nayo yalibadilika

Mbali na namba, injini nyingi zilipewa majina. Kundi la 59, injini 34 za Garratt zilizofika mwaka 1955 na 1956, zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hizo zilikuwa miongoni mwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Kila moja ilikuwa na uzito wa takribani tani 250, na zilivuta treni za tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda hadi Nairobi.

Kundi la 30 na mengine ya jirani yake yalipewa majina ya makabila. Injini namba 3020, kwa mfano, iliitwa Nyaturu, jina la ndugu zetu wa Singida.

Kundi la 60, la injini 29, lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Uhuru ulipokuja, mabati ya majina hayo yaling'olewa. Injini zikaendelea na kazi zikiwa na namba tu. Kwa hiyo mtu anayeitafuta leo injini ya gavana fulani kwa jina lake peke yake ataikosa katika kumbukumbu za baada ya uhuru, ingawa injini yenyewe ilikuwa bado inavuta mizigo.

Sisi wa Kagera tuna mfano wa karibu zaidi, wa majini. Meli yetu ya Bukoba na Mwanza ilianza kazi mwaka 1961 ikiitwa RMS Victoria, chini ya shirika lile lile la Reli na Bandari. Baadaye ikawa MV Victoria, ikapita mikononi mwa shirika la reli la Tanzania na kisha kampuni ya meli ya Serikali. Baada ya ukarabati mkubwa ilirudi ziwani mwaka 2020 ikiwa na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Majina matatu, wamiliki zaidi ya mmoja, bodi moja la chuma.

Mwaka 1977: mali yagawanywa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Shirika la reli likagawanyika mara tatu: la Kenya, la Uganda na la Tanzania. Injini haikuuliza inataka kwenda wapi. Kwa sehemu kubwa kila nchi ilibaki na kilichokuwa kwenye ardhi yake siku ile.

Ndipo likaja swali la nani anamdai nani. Alitafutwa msuluhishi, Victor Umbricht wa Uswisi. Kazi ya kuorodhesha mali na madeni ya mashirika yote ya Jumuiya, si reli tu, ilichukua miaka. Makubaliano yalitiwa saini Arusha mwezi Mei 1984, miaka saba baada ya kuvunjika. Mgawo uliokubaliwa ulikuwa asilimia 42 kwa Kenya, asilimia 32 kwa Tanzania na asilimia 26 kwa Uganda.

Angalia hapo umuhimu wa orodha. Asilimia ni ya kitu kilichohesabiwa. Kitu kisichoandikwa hakina asilimia. Kikiandikwa mara mbili kwa namba mbili, mmoja analipa deni lisilo lake.

Zilikwenda wapi?

Sasa turudi kwenye swali la wasikilizaji. Jibu fupi ni kwamba nyingi zilikatwakatwa zikawa vyuma chakavu.

Injini za dizeli zilianza kuchukua nafasi miaka ya 1960. Dizeli haihitaji kusimama kila mara kujaza maji, wala haihitaji saa nyingi za kuwasha moto kabla ya safari. Injini za mvuke ziliondolewa kazini kundi baada ya kundi. Za kundi la 59 zilimalizika kufikia mwaka 1980. Hapa Tanzania mvuke uliendelea kwa muda katika miaka ya 1980.

Injini ikishaondolewa kazini, huwa inasukumwa kwenye njia ya pembeni. Kwanza vinatoka vitu vya shaba, pamoja na mabati ya majina na ya kiwanda, kwa kuwa shaba ina bei. Halafu vipuri vinachukuliwa kuzisaidia injini nyingine. Mwisho anakuja mkataji na gesi yake. Kwa hiyo kitambulisho cha injini mara nyingi hutoweka kabla ya injini yenyewe.

Zilizobaki tunaweza kuzitaja. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971 na shirika la Afrika Mashariki lenyewe, linahifadhi kadhaa. Yupo Karamoja, yule aliyekuwa 87 kisha 5711. Ipo 2801 Mvita. Ipo 6006, iliyokuwa na jina la Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika miaka ya 1930. Ipo Nyaturu, namba 3020. Na katika injini 34 za milima ziko mbili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena.

Hebu tazama majina hayo tena. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, mkoani Arusha. Shengena uko Upareni, mkoani Kilimanjaro. Wanyaturu ni wa Singida. Majina matatu ya Tanzania yamehifadhiwa Nairobi. Si kosa la Nairobi. Walitenga eneo, wakazihifadhi, na leo mtoto wa shule anaweza kwenda kuzigusa.

Afrika Kusini walifanyaje?

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Afrika Kusini ilipitia hayo hayo mapema zaidi, na kwa ukubwa zaidi.

Nchi ile ilipoungana mwaka 1910, kulikuwa na reli tatu kubwa za serikali: ya Cape, ya Natal, na ile ya kati iliyohudumia Transvaal na Orange Free State. Zikawa shirika moja, na mwaka 1912 injini zote zikapewa namba mpya. Injini zilizoonekana zimezeeka hazikupewa nafasi katika utaratibu mpya. Ziliachiwa namba zao za zamani na kuongezewa sifuri mbele. Sifuri ile ilikuwa kama alama ya kuaga: ukiiona, ujue injini hiyo haitakaa sana.

Baadhi ya injini zilikuwa tayari zimebadili mikono mara kadhaa. Zile za kampuni ya Kiholanzi iliyojenga reli ya Transvaal zilitekwa na jeshi la Waingereza katika vita vya Makaburu, zikawa za reli ya kijeshi, baada ya vita zikawa za reli ya kati, kisha zikawa za shirika la taifa. Wamiliki wanne katika muda wa miaka kama kumi na miwili.

Injini ya kwanza ya Durban, iliyoanza kazi mwaka 1860 na kuitwa Natal, iliuzwa baada ya miaka kumi na kitu kwenda Port St. Johns, ikusudiwe kuendesha mashine ya kupasua mbao. Baadaye ilifukiwa ardhini. Miaka ya 1940 ilichimbuliwa, ikatengenezwa na kuwekwa hadharani Durban. Iliwezekana kuijua kwa kuwa kuna watu walioandika ilikopelekwa.

Watafutaji wanafanyaje kazi?

Kuna watu duniani ambao kazi yao, wengine kwa kupenda tu, ni kufuatilia kila injini moja moja. Njia yao ni rahisi kueleza.

Kwanza wanaanza na kitabu cha kiwanda. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilifungwa mwaka 1966, lakini kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Manchester. Humo unakuta kila injini iliyotoka, namba yake na mteja aliyeiagiza.

Pili wanachukua vitabu vya mashirika ya reli na kutafuta orodha ya kubadilishia namba. Tatu wanatumia picha zenye tarehe. Picha ya mwaka 1947 na ya mwaka 1950 za injini moja zinaweza kuonyesha namba mbili tofauti.

Nne, wanakuwa waangalifu na vipuri. Karakanani fundi huchukua fito la injini hii akalifunga kwenye ile. Fito lina namba iliyogongwa. Ukilisoma peke yake utadhani umepata injini ambayo ilikufa zamani. Ndiyo maana wanaangalia chesesi kwanza, sawasawa na polisi na bodaboda.

Hili linatuhusu nini Ngara?

Linatuhusu kwa sababu mashirika hayajaacha kubadilika. Sheria ya mwaka 2002 ilitenga mali za reli nchini chini ya kampuni hodhi, RAHCO. Mwaka 2007 uendeshaji ukaenda kwa kampuni ya TRL, ikiwa na ubia na RITES ya India, na baada ya miaka michache Serikali ikaurudisha mikononi mwake. Sheria ya mwaka 2017 ikaunganisha RAHCO na TRL kuwa TRC ya leo. Kila mara hizo vitabu vilifungwa na vingine kufunguliwa.

Reli ya Isaka hadi Rusumo ikijengwa, vitabu vitafunguliwa huku kwetu pia: vya viwanja, vya mashamba, vya migomba na mikahawa ya fidia. Shamba lako litapewa namba na mthamini. Namba hiyo inaweza kubadilika orodha inapotoka kijijini kwenda wilayani, na kutoka wilayani kwenda kwa mlipaji. Ukikaa na namba ya kwanza tu, siku ya malipo unaweza kuambiwa haumo, kama vile injini 87 haimo katika kitabu cha 1948.

Hata bila reli, vijiji vinagawanywa, kata zinazaliwa, vyama vya msingi vya kahawa vinaungana. Mashine ya kusaga ya kikundi, pampu ya maji, jenereta ya zahanati, vyote hupakwa rangi mpya na kuandikwa namba mpya.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne, yasiyohitaji fedha.

Moja, kwa kila mashine ya umma, nakili namba ya bati la kiwanda, si ile iliyopakwa rangi peke yake. Piga picha kwa simu.

Mbili, mali inapokabidhiwa, dai orodha yenye safu mbili: namba ya zamani na namba mpya, mstari mmoja kwa kitu kimoja. Iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.

Tatu, kifaa kikiharibika kabisa, kisifutwe tu. Iandikwe kilikwenda wapi: kimeuzwa, kwa nani, kwa shilingi ngapi, au vipuri vyake vimefungwa wapi.

Nne, kwa fidia ya ardhi, tunza kila karatasi yenye namba, hata ukiambiwa imepitwa na wakati. Karatasi ya zamani ndiyo inayothibitisha kwamba wewe wa leo ndiye yule wa jana.

Wazee wanaouliza injini zilikwenda wapi wanauliza jambo la haki. Kwa chache tunaweza kuwajibu kwa jina na namba, kwa kuwa kuna mtu aliyezihifadhi na kuandika. Kwa zile nyingine, mali zilizonunuliwa kwa fedha za watu wa nchi hizi, lililobaki ni jibu moja: vyuma chakavu. Mashine zetu za leo tusiziache zifike huko bila maandishi.